Nta Chini ya Gari la Mama Filomena

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Ondieki nyuma ya nyumba yake, kwenye mteremko wa Nyanchwa. Niliketi pamoja na mafundi wenzangu, mwanamke peke yangu katika safu ile, tukisikiliza watu wakimsifu kwa mambo ambayo hata yeye angeyashangaa. Mchungaji alisema marehemu hakuwahi kukasirika, nami nikakohoa. Nilimwona kwa macho yangu akirusha spana ukutani kwa sababu ya nati moja iliyokataa kufunguka, kisha akaenda kuiokota na kuiomba radhi. Nyuma yangu kijana mmoja alimnong'onezea mwenzake, "Huyu mama ndio ule alikuwa analala chini ya magari hapa kitambo." Nilitaka kugeuka nimwambie kwamba sikulala chini ya gari, gari ndilo lililolala. Nikanyamaza, kwa sababu mazishi si mahali pa kusahihisha watu, na kwa sababu nilikuwa nalia. Tangu siku hiyo mwaka wa kwanza niliokaa kwake umenirudia wote, na kila ninapoukumbuka najikuta nashukuru, hata kwa zile siku nilizozilalamikia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule na nasubiri chuo cha ualimu ambacho hakikuwa na haraka nami, nikapata kazi ya kuuza vipuri katika kiduka cha gereji ya Fundi. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa bado za watu wenye suruali zilizopigwa pasi. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka, mabati pande tatu na upande wa nne ukuta wa jiko la Mama Ruthi, mke wa Fundi, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni kilinifikia pamoja na harufu ya kilichopikwa. Walikuwa Wasabato wa kweli. Nyama waliila kwa nadra, na chai hawakuinywa kabisa. Asubuhi kulikuwa na uji wa wimbi, jioni maziwa ya moto. Mimi nimetoka Ikonge, ambako mashamba ya chai yanakuja hadi mlangoni, na mwili wangu ulikuwa haujui kuamka bila kikombe. Nikawa najichemshia kimyakimya kwa jiko dogo la mafuta ya taa, mlango nimeufunga. Asubuhi moja Mama Ruthi akagonga ukuta. "Moraa, hiyo harufu inatoka kwa chumba yako ni ya nini?" Nikasema ni majani, Mama. "Majani gani?" Nikasema ya nyumbani. Nikamsikia anacheka. "Kunywa tu, lakini ufunge dirisha. Fundi asije akatamani."

Ni kupitia ukuta huohuo nilisikia hatima yangu ikijadiliwa. Jioni moja Fundi alikuwa anakula obokima, ule ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga, nami nikasikia akisema kwa mdomo uliojaa kwamba msichana wa duka ana subira, kwamba alimwona akisafisha kabureta kuukuu lote kwa mswaki bila kutumwa. "Nataka nimtoe kwa duka nimpeleke kwa magari," akasema. Mama Ruthi akamjibu kwamba mimi ni msichana wa watu, nitaharibika kucha. "Kucha zinamea," Fundi akasema, na nikasikia kijiko kikikwaruza bakuli. Sikulala vizuri. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni kwamba nikikosa ualimu nitakuwa nimekosa kila kitu, na sasa mtu alikuwa ananitaka kwa jambo ambalo hakuna aliyenifundisha kulitaka. Kesho yake alinipa ovaroli ya zamani ya mtu aliyekuwa mnene kuliko mimi mara mbili, nikaikunja mikono na miguu, na wateja wakawa wanakuja kuniangalia kama wanaangalia ndama aliyezaliwa usiku.

Msimu wa mvua za masika trekta ilikokota gari kutoka Manga hadi langoni kwetu. Lilikuwa gari la Kifaransa la zamani, refu, la viti vya safu tatu, rangi yake ya maziwa imegeuka kuwa ya uji. Juu ya trekta, kando ya dereva, alikuwa ameketi mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kichwa cha bluu na rozari shingoni. Huyo alikuwa Mama Filomena, mjane wa katekista. Kwa miaka mingi mumewe alikuwa amebeba wagonjwa, maharusi na kabichi katika gari lile, akipanda na kushuka ule mlima wa Manga ambao mvua ikinyesha hata ng'ombe wanafikiri mara mbili. Alipofariki, gari likabaki limesimama kando ya jiko. Mwana wao, Evans, aliyekuwa anafanya kazi Nairobi, alikuwa amemwambia mama yake kwamba chini limeoza lote na halina maana tena, na kwamba angekuja Jumapili asubuhi na lori la mtu wa vyuma chakavu. Evans hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba mama yake atazeeka akitazama gari la marehemu. Basi wakakubaliana hivi: Evans ataangalia chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, kwa macho yake mwenyewe, na ikiwa imeoza gari linaondoka na lori, ikiwa nzima linabaki na mama. "Na mimi najua ni nzima," Mama Filomena alimwambia Fundi. "Lakini haionekani."

Kweli haikuonekana. Fundi alijilaza chini kwa kurunzi, akatoka akiwa amekunja uso. Chini yote ya gari ilikuwa imefunikwa na nta nyeusi, safu juu ya safu, nene kiasi kwamba bisibisi ilizama kabla ya kugusa chuma. "Hii si nta," alisema, "hii ni blanketi." Kila mtu gerejini alikuwa na maoni yake. Mmoja alisema ipigwe moto tu iyeyuke, na Fundi akamuuliza kama anataka kumzika Mama Filomena pamoja na gari. Shimo la kusimama chini ya magari tulikuwa nalo, lakini mvua ilikuwa imelijaza maji. Basi akaamua kulilaza gari ubavu. Tulitoa betri, tukafungua tangi la petroli na kumwaga oili zote, kisha wanaume wa gereji za jirani wakaja na migomba iliyokatwa, wakatandika vigogo vyake vyenye maji chini, tairi kuukuu juu yake, wakaliinua gari upande mmoja na kulilaza polepole kwenye kitanda hicho, ndani kidogo tu ya lango. Mama Filomena alifumba macho. Lilipotulia alifumbua, akaona tumbo la gari likimtazama, akasema, "Sasa wewe, usiniaibishe."

Kazi yenyewe ilikuwa ya jikoni, na nadhani ndiyo sababu niliielewa kabla ya wanaume. Fundi alikataza chuma kisiguse chuma, maana kikwaruzo leo ni kutu kesho. Tulichovya magunia katika maji ya moto, tukayabandika juu ya nta na kuyakandamiza kama mtu anavyokanda goti la mgonjwa, tukangoja ilainike, kisha tukaikwangua kwa mwiko wa mti. Ni ileile subira ya kubandua ukoko wa ugali bila kuharibu sufuria. Baada ya hapo kitambaa na mafuta ya taa, na tena kitambaa kikavu. Mikono ilinuka hadi kwenye uji. Mama Filomena, ambaye alikuwa amekuja kuangalia tu, kufikia mchana alikuwa amejifunga leso kiunoni na kuchukua mwiko wa pili. Aliniuliza nitaolewa lini, nikamwambia nasubiri chuo, akasema alivyosikia, chuo na mume vyote huchelewa kwa sababu ya barabara ya Ikonge. Alikuwa ananitania mchana kutwa, na mimi, ambaye nilikuwa nimekaa mjini miezi bila mtu wa kunitania, nilimpenda papo hapo.

Siku ya pili nta ilipozidi kulainika, harufu ikabadilika. Fundi aliinusa akashindwa kuitambua, akasema labda ni dawa ya Kifaransa. Mimi niliijua mara moja, kwa sababu nimelelewa kwenye harufu hiyo kila Jumapili: ilikuwa mishumaa ya kanisani. Mama Filomena akacheka hadi akakaa kwenye tairi. Mumewe, kila mwaka kabla ya mvua, alikuwa anaomba vipande vya mishumaa vilivyobaki parokiani, anavichemsha na oili iliyotumika, kisha anajilaza chini ya gari na brashi. "Nikimuuliza, ananiambia ile barabara ya Manga inataka ibada juu na chini," alisema. Fundi Ondieki alisimama na mwiko mkononi, Msabato mzima amezungukwa na misa kubwa, akatikisa kichwa. "Kwa hivyo siku hizi zote nimekuwa nikisali na nyinyi bila kujua." Kisha akainama akaendelea kukwangua, na nilimwona ameanza kukwangua kwa adabu zaidi.

Ijumaa jua lilipoanza kuelekea chini, mbele na katikati ya chesi vilikuwa vimetoka safi, vya kijivu, bila hata tundu. Ilibaki sehemu ya nyuma, pale springi zinaposhika, na kila fundi anajua kwamba gari likioza huozea hapo. Fundi akaangalia mlima, akaweka mwiko chini, akaanza kufuta mikono. Mama Ruthi alikuwa amekwishapika chakula cha kesho na kukifunika. "Mama Filomena," Fundi akasema, "siku yangu imeisha. Sabato ikiingia hakuna kazi kwa hii boma, si mimi, si Moraa, si mgeni. Hata moto wa kuchemsha maji hauwashwi. Kesho jua likizama nitakuja na taa tumalize." Mama Filomena akasema taa haionyeshi ufa, na Evans anafika Jumapili alfajiri, na yeye hatampa mwanawe kitu nusu. Fundi akasema hawezi. Alisema kwa upole, lakini ulikuwa upole wa ukuta. Nilisimama kati yao na kitambaa chenye mafuta ya taa, nisijue nigeukie nani, kwa sababu nilijua wote wawili wana haki na gari lingeondoka hata hivyo.

Mama Filomena akatazama lango. Lilikuwa la mabati yaliyopigiliwa kwenye fremu ya mbao, na nguzo zake mbili zilifungwa kwa waya kwenye ua. "Fundi," akasema, "hiyo Sabato yako inaishia wapi?" Fundi akafikiri kwamba anadhihakiwa. "Inaishia kwa lango." "Basi tutafanyia kazi nje ya lango, mimi na huyu msichana. Sisi siku yetu ni Jumapili." "Gari haiwezi kusongeshwa, Mama. Imelala." "Yaya, hapana," akasema Mama Filomena, "sijasema gari isonge. Lango si inaweza kusonga?" Mama Ruthi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kitambaa cha sahani mkononi, na ni yeye aliyeanza kucheka. Fundi alimtazama mkewe, akatazama jua, akaenda mbio kuchukua koleo. Sijawahi kuona mtu akichimba namna ile. Aling'oa nguzo, tukazirudisha ndani hadi upande wa pili wa gari, akazichimbia upya, akafunga waya, na lango la mabati akalisimamisha tena kati yake, kando ya ukuta wa duka, hata gari likabaki limelala barabarani kwa watu na boma lake limepungua. Alipiga nyundo ya mwisho anga likiwa bado na wekundu, akavuka akaingia ndani, akalifunga lango. "Sabato njema," akatuambia kupitia upenyo.

Jumamosi ile naikumbuka kuliko siku nyingi za maana ambazo zimenipita baadaye. Tuliwasha jiko la makaa nje, sisi wawili, na Wasabato wote wa Nyanchwa wakapita mbele yetu wakienda kanisani na suti zao na Biblia zao, wakitukuta tumejipaka masizi kando ya gari lililolala. Mama Filomena aliwasalimu mmoja mmoja kwa heshima, "Bwakire buya," na wao wakamwitikia wakikodoa macho. Adhuhuri lango likafunguka kidogo na mkono wa Mama Ruthi ukatoka na sufuria: ndizi zilizopikwa jana, maharagwe, na chupa ya maziwa. "Kulisha mtu si kazi," alisema. Tulikula tukiwa tumeketi kwenye migomba, yeye akiwa upande wake wa lango tunamwona miguu tu, na wale wanawake wawili wakaongea kupitia mabati juu ya watoto, magoti, na namna chinsaga inavyokuwa chungu usipoichemsha na maziwa. Mama Filomena alisema anasikia haya kula chakula cha mtu ambaye hamwoni uso. Mama Ruthi akajibu kwamba uso wake haupungukiwi na kitu, ale tu.

Alasiri Fundi alirudi kutoka kanisani. Tukasikia kiti kikiburutwa hadi langoni, kisha kikigandamizwa na mtu mzito. Mimi nilikuwa nimeibandua nta yote ya nyuma, na upande wa kulia, juu tu ya springi, nilikuwa nimekuta tundu la kuingia kidole gumba. Mama Filomena aliliona. Mwiko ukamshuka mkononi. "Basi ndio hiyo," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Ndipo kutoka nyuma ya mabati Fundi akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia. "Moraa, kusikiliza pia si kazi. Una nyundo ndogo hapo?" Nikasema ninayo. "Basi gonga kando ya hiyo tundu, nisikie. Chuma iliyooza haiwezi kulia." Nikagonga, chuma kikalia. "Rudi nyuma kidogo." Kikalia. "Mbele." Kikalia tena, sauti wazi, ndefu. Niligonga chesi nzima kutoka mwisho hadi mwisho, naye akiwa amekaa na suti yake upande wa pili, akisikiliza. Mwishowe akasema, "Hicho ni kidonda, Mama. Si ugonjwa. Nitakiziba kwa nusu saa." Mama Filomena aliuweka mkono juu ya bati la lango, akauacha hapo. Alikuwa analia bila kujificha, nami pia.

Evans alifika Jumapili na lori kama alivyoahidi. Fundi, ambaye kwake Jumapili ni siku ya kazi, alimpa nyundo ile bila hotuba. Evans aligonga kila mahali, akaingiza kidole kwenye tundu, akainuka akitafuta pa kufutia mkono. Alichukua kipande cha nta kutoka kwenye debe letu akitaka kukitupa, kisha akakileta puani. Alisimama hivyo. "Hii ni mishumaa ya parokia," akasema. Mama yake akamwambia, "Na ni nani alikuwa anamkusanyia?" Ni Evans mwenyewe, utotoni alipokuwa anatumikia altareni, mifuko imejaa vipande vya mishumaa kila Jumapili, akafikiri vinaenda kuwasha taa ya chumbani. Akamwendea dereva wa lori wakazungumza, na lori likageuka likaenda tupu. Aliporudi alimuuliza mama yake sasa gari litaendeshwa na nani. "Na mimi," akasema. Evans akacheka peke yake, kisha akaacha. "Nimekaa kiti ya abiria maisha yangu yote," mama akasema. "Sasa nataka kuona barabara kutoka ile ingine."

Barua ya chuo ilikuja baadaye mwaka huohuo, nikaisoma nikiwa na ovaroli, nikaiweka mahali pazuri, na sikuenda. Walioniuliza kwa nini niliwaambia majibu mbalimbali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia chuma kikilia chini ya nyundo yangu na mtu ninayemheshimu akisema ni kizima. Leo nina gereji yangu na wasichana wawili ninaowafundisha kazi, na nikiwaona wanakwangua kwa haraka nawaambia waache, wakanywe chai kwanza.

Karibu na mwisho wa mwaka ule, Sabato moja adhuhuri, tulisikia honi langoni. Alikuwa Mama Filomena, peke yake ndani ya gari lake, ameketi wima na kitambaa cha bluu, ameshuka nalo kutoka Manga hadi Nyanchwa. Alikuwa ameliingiza moja kwa moja kwenye kijia chetu chembamba, pua kwenye lango, ua kushoto na ua kulia. Alisema amepita kusalimu tu na anarudi, lakini rivasi, ile gia ya kurudi nyuma, haijui bado, Fundi amgeuzie. Fundi alimwangalia kwa huruma. "Mama, kugeuza gari ni kazi. Ngoja jua lizame." Ikabidi aingie. Mama Ruthi akaongeza sahani, tukala sote mezani, ndizi, maharagwe na parachichi, na Fundi akaomba sala ndefu, Mama Filomena akajiongezea ishara ya msalaba mwishoni, hakuna aliyekohoa. Walikaa mchana mzima wakiongea. Jua lilipozama Fundi akatoka, akalirudisha gari nyuma hadi barabara kubwa, akampa usukani, nami nikapanda nimsindikize Mama Filomena akalale kwa dada yake mjini.

Tulipofika, akasimama kando ya nyumba, akatia gia bila kuangalia, akalirudisha gari nyuma kati ya mti na ukuta, kwa mara moja, likaingia sawasawa. Nilimtazama. Akazima injini.

"Rivasi nilijua kitambo," akasema. "Lakini huyo mama alinilisha kwa upenyo ya lango. Nilitaka kukaa na yeye kwa meza."